Neno la Padre: Tundu Lisilodondosha



Haya ndiyo maneno niliyoyasema kwenye Misa ya kwanza Jumapili iliyopita. Kwa kuwa ndugu zetu wengi wa makanisa ya mlimani hawakuweza kushuka kwa ajili ya mvua, wazee wameniomba niyaandike humu yasomwe na wote. Nimeyaandika bila kupunguza, hata yale yanayonihusu mimi mwenyewe. Masomo yalikuwa mawili: Yohana 9, mstari wa 1 hata wa 7, na Luka 13, mstari wa 1 hata wa 5. Tafadhali yasome kwanza katika Biblia yako, kisha urudi hapa.

Umekwisha kuyasoma? Basi tuanze na gari.

Gari la Mtaa wetu mnalijua. Ni pikapu, Hilux ya dizeli yenye injini ya lita 2.4, na umri wake ni mkubwa kuliko wa vijana wengi wa kwaya. Limebeba saruji ya kanisa, mahindi ya wakati wa njaa, maharusi, majeneza, na Askofu mara mbili. Mwishoni mwa mvua za vuli lilishikwa na ugonjwa. Asubuhi lilikataa kuwaka. Stata ilizunguka vizuri, betri ilikuwa na nguvu, lakini injini haikushika mpaka dereva afungue boneti na kuibonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, mara thelathini, mara arobaini, hata iwe ngumu mkononi. Hapo liliwaka, likatetemeka kidogo na kutoa moshi mweupe, kisha likatulia. Kwenye njia tambarare lilikwenda vema. Lakini kwenye mlima, hasa ule mpando mrefu wa kutoka Muheza kwenda Amani, lilivuta, likaachia, likavuta tena, mwisho likazimika. Tena, na hili ndilo lililotupoteza, ukilitilia lita kumi za dizeli kutoka kwenye dumu na kuibonyeza ile pampu ya mkono, liliwaka na kupanda kana kwamba halikuwa na neno.

Geji ya mafuta ilikufa zamani. Basi ninyi mngefikiri nini? Gari limezimika, limetiwa mafuta, limewaka. Kila mtu alijua kwamba mafuta yalikuwa yamekwisha. Na kama yamekwisha, na mweka hazina anayo risiti ya lita arobaini za juzi, mafuta yale yamekwenda wapi? Neno lilianzia sokoni, likapita kisimani, likaingia katika mikutano ya akina mama na ya vijana, mwisho likaketi mezani kwa Halmashauri ya Mtaa: dereva anafyonza dizeli usiku na kuiuza.

Mimi ndimi mwenyekiti wa Halmashauri. Nakumbuka jinsi alivyosimama mbele yetu, kofia mkononi. Akasema, "Baba Padre, mimi sijauza hata lita moja." Mzee mmoja akamwuliza, "Basi mafuta yanakwenda wapi?" Akajibu, "Sijui, wazee wangu." Ndugu zangu, lile "sijui" lake lilikuwa ndilo neno la kweli pekee lililosemwa katika chumba kile siku ile, nasi tulilihesabu kuwa ni ungamo. Tukaagiza asipewe tena dumu la mafuta ya akiba, asije akaliuza na lenyewe.

Mwezi wa Januari, saa nane ya usiku, tuliitwa kijiji cha juu kwa ajili ya mama aliyekuwa katika uchungu tangu jana yake. Dereva alikwenda. Gari likazimika kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji, na dumu la akiba halikuwamo. Aliibonyeza ile pampu mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Likawaka, likaenda hatua chache, likafa. Vijana walimbeba mama kwa machela gizani, wakishuka naye, mpaka walipopata gari la watu wa chai, na alifika hospitalini jua limekwisha kupanda. Mama yu hai, Mungu asifiwe, na Jumapili alikuwapo kanisani. Mtoto tulimzika kesho yake.

Hakuna mwanadamu awezaye kusema kwamba mtoto yule angaliishi kama gari lingalifika. Nilisema hivyo kaburini. Lakini jioni ile kila mtu alikwisha kujua ni kosa la nani, na sikuwa na moyo wa kusimama mbele ya msiba na kuwaambia watu wangoje. Tulimwachisha kazi. Tulizuia mshahara wake wa miezi miwili kufidia dizeli. Karatasi ile ina sahihi yangu.

Sasa tazameni somo la Yohana. Bwana anapita, anamwona kipofu tangu kuzaliwa. Wanafunzi nao wanamwona, lakini neno la kwanza linalowatoka ni kutaka kujua dhambi ni ya nani, ya mtu mwenyewe au ya wazazi wake. Mtu ameketi pale pale anawasikia! Hawasemi naye, wanasema juu yake. Bwana analikataa swali lao lote. Anainama, anafanya tope, anampaka macho na kumtuma kwenda kunawa katika birika la Siloamu. Na katika Luka tunausikia tena Siloamu, safari hii ni mnara ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Hapo pia watu wanataka kujua waliokufa walikuwa wabaya kiasi gani. Bwana anawajibu kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha anawageuzia wao wenyewe neno la toba. Nimeyasoma masomo haya kila Kwaresima tangu nilipowekwa shemasi. Mwaka huu nimeyaelewa chini ya gari.

Maana baada ya kumfukuza dereva tuliajiri mwingine, jamaa wa mmoja wetu, mtu asiyeshukiwa na yeyote. Juma la kwanza tu gari lilizimika kwenye mpando ule ule. Na je, mwajua tulifanya nini? Tulianza kumshuku na huyu! Kisha tukamshuku mwenye kituo cha mafuta, kwamba anatia mafuta ya taa katika dizeli. Jambo hilo si la kupuuzwa, limewahi kuharibu magari mengi katika nchi yetu. Pampu ya injini ya dizeli kama yetu haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo, hivyo vyuma husagana. Ndiyo sababu mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Lakini magari mengine yaliyonunua kituo kile yalikuwa yakipanda Amani kila siku. Hilo nalo hatukulitazama.

Tukaita mafundi. Kila fundi alikuja na mshukiwa wake mkononi. Wa kwanza alisema ni plagi za kupasha moto, tukanunua nne. Wa pili alisema ni betri. Wa tatu aliifungua ile pampu kubwa inayogawa dizeli kwenye noziri, ikapelekwa Tanga kupimwa, na fedha ya machungwa ya shamba la kanisa ikaishia huko. Pampu ilirudi, gari likazimika pale pale.

Ndipo jirani yetu mmoja, Mwislamu, mzee aliyestaafu ufundi wa matrekta katika shamba la mkonge, aliponiona nimekaa kando ya barabara. Akasema, "Padre, gari lako linaumwa siku nyingi, mbona hukuniambia?" Alikuja kesho yake na mfuko wa spana.

Nataka msikie jinsi alivyoanza. Hakuuliza nani alikuwa akiliendesha, wala mafuta yamenunuliwa wapi. Aliuliza linazimika mahali gani. Likielekea juu au chini? Tanki likiwa limejaa au limepungua? Likilala usiku kucha linaamkaje? Moshi wake ni wa rangi gani? Nilipomwambia kwamba hutoa moshi mweupe asubuhi kisha huisha, na kwamba si mweusi wala si wa buluu, alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu anayemfahamu. Kisha akalala chini ya gari, akafungua nati iliyo chini ya tanki, akakinga debe. Gari lile lilikuwa limezimika jana yake kilimani, tukasema mafuta yamekwisha. Tukapima. Zilitoka lita ishirini na sita.

Nilikaa chini. Kwa miezi minne hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefungua nati ile.

Kisha alifanya jambo ambalo kwa macho yangu lilikuwa la kuchekesha. Aliufungua mpira unaoleta mafuta kutoka nyuma, akaunganisha mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, akaupitisha dirishani, na ncha yake akaitumbukiza katika dumu la dizeli safi. Dumu lile alilipakata mwenyewe kwenye kiti cha mbele, akaniambia, "Haya, Padre, endesha." Tulipanda mlima ule wote, kona baada ya kona, mzee amelikumbatia dumu lake kama mjukuu, na gari halikukohoa hata mara moja. Juu kabisa akasema, "Injini nzima. Pampu nzima. Noziri nzima. Ugonjwa uko kati ya tanki na chujio."

Tuliporudi aliurudisha mfumo wa tanki, lakini kati ya chujio na pampu kubwa akaacha kipande cha ule mpira unaoonyesha. Injini ilipowaka tuliona mapovu madogo yakipita, moja moja, kama ya samaki. Akaingia tena chini, akaufuata mstari wa mafuta kwa vidole kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu na tanki, mahali ambapo mpira mfupi unaunganisha bomba la chuma, chini ya klipu, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akanionyesha kwa tochi. Pakavu! Hapakuwa na tone hata moja la dizeli, wala vumbi lililolowa.

Nikamwuliza, "Mzee, hili ni tundu gani lisilodondosha?"

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Inavuta hewa tupu na kuikandamiza ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto, hata kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Lakini ili noziri ifunguke na kunyunyiza, ni lazima dizeli iisukume kwa nguvu nyingi. Dizeli haikubali kubanwa, kwa hiyo nguvu yote ya pampu hufika kwenye noziri. Hewa hukubali. Povu likiingia katika pampu, pampu hulibana, nalo hujikunja tu kama sponji. Noziri haifunguki, na injini hufa huku tanki lina mafuta. Ile hewa inayoipa injini uhai ikipitia mlango wake huiua ikipitia njia ya mafuta.

Na katika gari kama letu hakuna pampu ya umeme nyuma ya kusukuma mafuta yaende mbele. Pampu ya injini ndiyo inayovuta yenyewe kutoka kwenye tanki, kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, soda haimwagiki. Mtoto hunyonya hewa. Tanki likijaa, kazi ya kuvuta ni ndogo, na ufa hausumbui. Likipungua, na gari likainua pua mlimani, tanki lililo nyuma hushuka chini zaidi ya injini, pampu huvuta kwa nguvu, na ufa hufunguka. Usiku gari likilala, hewa hupenya polepole na mafuta hurudi tankini, ndiyo maana asubuhi halikuwaka. Zile lita kumi tulizokuwa tukitia hazikujaza tanki lililokauka. Zilipunguza tu kazi ya kuvuta, na ile pampu ya mkono ikatoa hewa. Kila dalili ilikuwa mbele ya macho yetu, na kila dalili tuliisoma kuwa ni wizi.

Kosa hilo si la waliolitengeneza gari. Mpira wa miaka mingi hukauka na kupasuka. Kipande kipya kilikuwa kifupi kuliko kiganja changu, na klipu mbili. Mzee hakutaka fedha. Alikunywa chai, akaenda zake kuswali.

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na ile ya kwanza iliyofanikiwa ilipimwa Augsburg mwaka 1897. Mwezi Septemba 1913 alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Asubuhi hakuwamo chumbani mwake. Maiti yake ilionekana baharini baada ya siku kadhaa. Alikuwa na madeni makubwa, na wengi wamefikiri alijiua. Lakini zaidi ya miaka mia imepita na bado wapo wanaotaja wauaji: matajiri wa mafuta, majasusi, huyu na yule. Sisi wanadamu hatuwezi kuliacha kaburi bila kuliandikia jina la mkosaji.

Wapendwa, nisieleweke vibaya. Wizi upo, na mtumishi wa kanisa akiiba na aulizwe. Sisemi tusitafute. Nasema hatukutafuta. Kutafuta ni kulala chini ya gari na kuchafuka shati. Sisi tuliketi mezani tukachagua, tukamchagua mtu aliyekuwa karibu na asiye na jamaa katika Halmashauri. Na katika miezi ile Misa iliendelea, sadaka ilihesabiwa, kwaya iliimba vizuri kuliko mwaka jana, na mgeni angetutazama asingeona tone lililodondoka. Ibada zetu zilikuwa kavu na safi kama klipu ile. Ndani tulikuwa tukinyonya hewa.

Nilikwenda nyumbani kwa dereva siku ya pili baada ya gari kupona. Nilimkuta anapasua kuni za kuuza. Sikujua nianze wapi, nikaanza na mpira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ufa ulikuwa chini ya klipu ya nyuma?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi usiku ule ningeifunga kwa kipande cha tyubu, ningefika." Mimi nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na mwenzangu tangu Januari alikuwa akilifikiria hilo tu.

Nikamwambia kwamba asingeweza kujua, mafundi watatu hawakujua. Nikamwambia pia jambo la dumu, kwamba sisi ndio tuliomnyima. Alikuwa analijua. Hakuwa amemwambia mtu.

Jumapili, baada ya Injili, nilivua kasula, nikasimama chini na wajumbe wa Halmashauri, tukamwomba msamaha mbele ya kanisa, na mbele ya mama yule na mumewe. Nilisema wazi yale niliyoyaandika hapa. Zakayo alirudisha mara nne, kama tusomavyo katika Luka 19. Sisi Mtaa wetu ni maskini, lakini Halmashauri imekubali kurudisha miezi miwili iliyozuiwa na kulipa mshahara wa miezi yote aliyokaa bila kazi, kwa mafungu matatu, fungu la kwanza kabla ya Jumapili ya Matawi. Wenye kinyongo juu ya uamuzi huo waje kwangu, wasiende sokoni.

Mume wa yule mama alisimama. Wote tulinyamaza. Alitembea mpaka alipokaa dereva, akakaa karibu naye katika benchi lile lile, na hapo wakakaa mpaka mwisho wa Misa. Sikuwasikia wakisema neno.

Dereva bado hajakubali kurudi kazini, nami sitamharakisha. Jumamosi alipita hapa Misheni akielekea dukani. Aliniona nimeegesha gari chini ya mwembe, akasimama kidogo, akainama akaingia chini yake na shati lake jeupe. Alipotoka alisema mpira ule mwingine, wa kurudishia mafuta tankini, ni wa umri ule ule, ununuliwe kabla ya Pasaka. Nimekwisha kumwambia mweka hazina.

Ni mimi Padre wenu katika Kristo.